Vikombe vya Kioo vya Mwikwabe

Mwikwabe Wankyo hakuwa mtu wa kupenda vitu vya kung'aa. Hata baiskeli yake aliiacha na matope yake. Ndiyo maana alipoomba laini mpya ya umeme mkubwa, ya kutoka Musoma kwenda Bunda, ifungwe vikombe vya kioo, mafundi wenzake walicheka wakashika mbavu. Vikombe ndivyo vinavyoshika waya usiguse nguzo ya chuma, na siku zote walifunga vya kauri. Watu bwana, hucheka kwanza, kufikiri baadaye!

Yeye hakucheka. Silasi, rafiki yake wa tangu ujana, aliuawa na kikombe cha kauri kilichoonekana kizima kabisa. Ufa ulikuwa ndani, umeme ukapitia humo hadi kwenye nguzo aliyopanda. Mwikwabe ndiye aliyemteremsha, na tangu hapo akawa anaogopa kupanda.

"Kioo kikivunjika kinamwagika chote, kinabaki kigutu," alimwambia Leonardi, msimamizi wao. "Unakiona ukiwa chini."

"Hata wachunga ng'ombe wa Buhare watakiona," Leonardi akajibu. "Watavilenga kwa makombeo. Haya, fungeni vya kioo hapo Buhare tuone. Kikivunjwa hata kimoja, laini yote ni kauri."

Mwikwabe akaenda kwenye mkutano wa kijiji cha Ujamaa cha Buhare, akaeleza yote, na kifo cha Silasi pia. Machozi yalimtoka mbele za watu. Magige, mchungaji aliyesifika kwa shabaha, alisikiliza huku akitafuna jani.

Wiki haikwisha tangu vikombe vifungwe, Magige akaingia ofisini, kombeo mkononi.

"Mura, kijana wangu, kikombe chako kimoja nimekipiga."

Mwikwabe akamgeukia. "Kwa nini, mzee wangu?"

"Watu wa ofisi mnatudanganyaga sana. Nikasema nijaribu. Kweli, kimemwagika chote, na waya haujaanguka. Kigutu nakiona toka kule kwenye josho la ng'ombe. Basi nikaona nije kusema, mtu asije akapanda."

Leonardi akasimama nyuma ya meza yake. "Nilisema hata kimoja!"

"Ulisema, bosi," Mwikwabe akajibu. "Lakini Silasi hakupata mtu wa kuja kumwambia."

Leonardi akakaa.

"Mpaka Bunda," akauliza, "tuagize vya kioo vingapi?"

Mwikwabe alichukua mkanda wake wa kupandia, akaufunga kiunoni. Magige akatangulia kumwonyesha nguzo. Kombeo aliliacha mezani.