Nilichanganya Madume na Majike, Mwanafunzi Akajilaumu

Nimemharibia mtu maisha, jamani, na yeye hakunikosea lolote. Niacheni nilitoe, maana linanichoma.

Natunza panya weupe katika maabara moja hapa Mbale. Niliwahi kuwa jeshini, ndiyo maana wote huniita Afande. Alikuja mwanafunzi kutoka Jinja, nitamwita Nabirye. Alitaka kupima jinsi figo za panya zinavyovunja dawa mwilini. Alinieleza kwamba figo za dume na za jike hazivunji dawa sawasawa, na hata ukoo mmoja wa panya hutofautiana na mwingine. Akaniomba niwatenge mapema, wakiwa wadogo.

Sasa, panya mdogo anadanganya macho. Lazima umwinue mkia, utazame kwa utulivu, mmoja mmoja. Siku hiyo mtoto wa dada yangu alikuwa anacheza ngoma za imbalu kabla ya kutahiriwa, na kelele zilishafika mtaani kwetu Malukhu. Mjomba nikosekane? Nikawagawa kwa kukisia, nikafunga mlango, nikakimbia kucheza.

Baadaye kizimba cha madume kikazaa! Nikawatoa wale watoto kimyakimya, mama yao nikamhamisha, waliobaki nikawaacha vilevile. Niliogopa kufukuzwa kazi.

Nabirye akapima. Majibu yakawa vurugu tupu. Mwalimu wake akamwambia mikono yake haifai kazi ya maabara. Akaja kuketi karibu nami, macho mekundu.

"Afande, wewe ulipanga wao vizuri?"

"Nilipanga vizuri, nyabo," nikamjibu kwa heshima, kama mtu asemavyo bibi.

Ee Mungu wangu! Uongo ulinitoka kama salamu.

Akaacha masomo, akarudi kwao. Nami tangu hapo situlii. Nafungua kizimba, nafunga, nafungua tena. Juzi alinipigia simu kunisalimu tu, akanishukuru kwamba mimi peke yangu sikumwangusha. Nikamficha ukweli tena, mjinga mimi!

Leo asubuhi nimeshindwa kuvumilia. Nimempigia, nikamwambia yote, mpaka zile ngoma. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

Nikamjibu. Akakata simu, na sasa hapokei.

Wewe unayeshika kazi ya mwenzako, kukosea utakosea, wewe ni binadamu. Lakini sema siku ileile unapojua. Mimi nilijua Nabirye akiwa bado hajampima hata panya mmoja.