Mwaka Tulioulizia Shule za Mbali

Nilikuwa mwalimu, nikaolewa na mwalimu, na hiyo ndiyo sababu tulitumwa pamoja Mpofi, kule msituni, katikati ya miaka ya hamsini. Mimi ni mtu wa juu milimani, wa Bihambwe huko Masisi, nimekulia katika nyumba iliyoamka na ng'ombe na kunuka maziwa mchana kutwa. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo jua linachelewa kufika chini kwa ajili ya miti. Wiki za kwanza nilikuwa nikitoka nje ya nyumba na kutafuta mlima kwa macho, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

Mume wangu alipewa darasa la tano. Mimi nikapewa chumba cha mwisho, ambamo watoto wa darasa la tatu na la nne walikaa pamoja, kwa kuwa mwalimu wao alikuwa ameacha kazi na kwenda kwenye machimbo. Wazazi walikuja kunitazama dirishani. Hawakuwa wamewahi kuona mwanamke akifundisha watoto wa kiume, na wengine walisimama pale hadi kengele, wakiningoja nikosee.

Chumba chenyewe kilikuwa vurugu. Watoto walikaa juu ya magogo, kila ukoo na gogo lake. Wasichana walikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kutoka wakiitwa kwenda kuchota maji. Vibao vya kuandikia vilirundikwa pembeni, na kila asubuhi ilianza kwa ugomvi, kwa sababu vizima vilikuwa vichache na vilivyovunjika vilikuwa vingi. Tablo, ule ubao mkubwa wa mwalimu, ilitundikwa mahali ambapo mwanga wa dirisha uliipiga usoni, hivyo nusu ya darasa waliona weupe mtupu, na kwa muda mrefu walikuwa wakiitwa wajinga.

Sikufundisha sana wiki ile. Tulihamisha tablo. Tulisukuma magogo yakawa kama nusu duara, nikamkalisha anayesoma vizuri karibu na asiyejua, bila kujali nani ni wa darasa gani wala wa ukoo gani. Wasichana niliwaleta mbele. Watoto walisuka vikapu vya mianzi, kila gogo na kikapu chake cha vibao, na aliyevunja alijulikana na wenzake bila mimi kuuliza. Ukuta mmoja niliusafisha, nikaupaka udongo mweupe, nikauacha mtupu.

"Ule ukuta ni wa nini, Mama mwalimu?" waliniuliza.

"Sijui bado," nikasema, na ilikuwa kweli.

Siku moja, tukiwa tumemaliza kusoma, niliwauliza watafanya nini wakimaliza shule.

"Tutarudi nyumbani," akajibu mmoja.

"Na kisha?"

Walitazamana. "Kisha tutakuwa bakubwa," akasema mwingine, na darasa zima likakubali kwa vichwa, kwa uzito wote, kana kwamba swali limekwisha.

Nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani, nikiwa namenya ndizi, kicheko kiliniisha. Niliona kwamba kwa watoto wale shule ilikuwa nyumba moja yenye vyumba vitano, na mlango wa chumba cha tano ulifungukia msituni. Hawakuwa wavivu wala hawakuwa waoga. Hawakujua tu kwamba kuna kitu kingine. Nami ningejuaje? Shule ya walimu ya Masista niliijua kwa bahati. Sista mmoja alikuwa amesimama kwetu kununua maziwa, na wakati yakipimwa alizungumza na baba yangu, akaniona nasoma karatasi iliyofungiwa sukari. Kama angekuwa na haraka siku ile, mimi leo ningekuwa wapi? Niliendelea kumenya ndizi hadi nikakuta nimemenya nyingi kuliko tulivyohitaji.

Kesho yake nilimweleza mume wangu kwamba nataka watoto wajue shule zote zinazofuata. Akauliza, "Wewe mwenyewe unazijua?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Watauliza wao."

Ndivyo tulivyoanza. Niliwagawa katika makundi, na kila kundi likachagua mtu aliyekuwa na kazi ya kusomea: munganga aliyetibu wagonjwa kwenye dispansere, moniteri wa kilimo aliyepima mashamba ya mpunga, fundi wa magari aliyepita na lori la mawese, na mume wangu mwenyewe. Tulitunga maswali pamoja. Ulisomea wapi? Kule kunafikiwaje? Wanakupokea ukiwa unajua nini? Unakaa miaka mingapi? Nilipodhani tumemaliza, mtoto mmoja akainua mkono.

"Na kule banakulaka nini?"

Wenzake wakapiga makofi. Nikaliongeza swali hilo, na nakiri ndilo lililowatoa mbio nje ya darasa.

Moniteri wa kilimo waliogopa kumwendea. Ni yeye aliyewaandikia baba zao faini shamba likiwa dogo. Kundi lake lilikwenda limeshikana mikono. Walirudi wamechelewa sana, wamechangamka, na mmoja amevaa kofia ya moniteri. Kumbe mtu yule, tangu afike Mpofi, hakuwa ameulizwa na yeyote habari zake mwenyewe. Aliwaeleza shule yake tangu lango hadi jikoni, akawachorea ardhini mabweni na bustani, akawaambia alivyolia usiku wa kwanza. Lakini alikiri pia kwamba walikula muhogo kila siku, na waliposimulia hilo darasani, nusu ya waliotaka kilimo wakahamia kwa munganga, ambaye shule yake ilikuwa na samaki.

Ukuta mweupe ukapata kazi. Watoto walichora kwa mkaa kila shule waliyoisikia, na barabara ya kufika, na mito ya kuvuka. Ramani ile isingempeleka mtu popote, kwa sababu mto Lowa ulichorwa mkubwa kuliko ziwa. Lakini asubuhi nilipofika niliwakuta tayari wamesimama mbele yake, wakibishana. Wazazi waliokuwa wakinitazama dirishani sasa waliutazama ukuta.

Katika kundi la munganga kulikuwa na msichana wa kijiji cha Kibua. Baba yake, mkulima, alikuwa amemweka kwa shangazi yake pale Mpofi ili asome. Alikuwa mtoto wa maneno machache, anayemaliza hesabu na kukaa kimya. Wavulana wa kundi lake walipotoa habari, walisema munganga amesema shule ile ni ya wanaume tu.  Msichana alirudi peke yake dispansere, akamuuliza munganga, "Na bale banawake benye kuzalisha bamama kwa Masista, balisoma wapi?"

Munganga hakujua. Lakini Sista wa misioni alipopita na gari kupima watoto wachanga, munganga alimpelekea swali, na Sista akajibu: iko shule, upande wa ziwa, wasichana wanaojua kusoma na kuandika vizuri wanapokelewa. Msichana alileta jibu hilo darasani, akalisema akiwa amesimama, akachora nyumba ndogo mwisho kabisa wa ukuta, mbali kuliko zote.

Habari haikukaa darasani. Padri aliyesimamia shule zetu alipokuja, alitazama ukuta kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mama," akaniambia, "shule hizi zina nafasi chache sana. Unawaonyesha watoto milango ambayo mimi sina funguo zake. Watakaokosa watalia kwa nani?"

 Nilimwambia, "Padri, watalia kwangu. Lakini sasa hata kulia hawawezi, kwa sababu hawajui wamekosa nini."

Hakukasirika. Aliondoka bila kuagiza ukuta ufutwe. Maneno yake yalinikaa. Hata leo nayafikiri, na sidhani kama alikuwa amekosea.

Kisha akaja baba wa msichana. Alikuwa ametoka Kibua kwa miguu, suruali imelowa umande hadi magotini, na hakubisha hodi.

"Ni weye njo unamuambia mutoto wangu aende kwa ziwa?"

"Papa, karibu. Hakuna aliyemwambia aende. Aliuliza mwenyewe."

"Nilimuleta hapa asome barua. Hapana asome njia ya kunikimbia."

 Nilimwomba aketi. Alitazama magogo, akaketi kwenye lile la mbele, magoti yakamfika kifuani, na pale alionekana si mtu wa hasira tena, bali mtu aliyechoka. Nilimwita msichana asimame aseme alichokipata, kama alivyowasemea wenzake. Alisema yote, macho chini: shule iko wapi, wanafundisha nini, miaka mingapi. Baba yake alisikiliza. Alipomaliza, aliuliza swali ambalo hatukuwa nalo katika maswali yetu.

"Na nani atamurudisha?"

Darasa zima lilinitazama. Sisi tulikuwa tumeulizia njia ya kwenda tu.

"Sijue, Papa," msichana akasema. "Nitauliza."

Baba akainuka, akatoka. Shangazi yake aliniambia baadaye kwamba mama wa mtoto yule alikuwa amefariki akijifungua, na mtoto mchanga pia. Msichana hakuwa amewahi kunieleza. Nilielewa kwa nini alirudi peke yake dispansere, na kwa nini baba hakutaka kumwona mwanamke mwingine wa nyumba yake akienda mbali.

Aliuliza kweli. Sista alijibu kwamba likizo kubwa wasichana hurudishwa hadi Masisi kwa gari la misioni, na kutoka pale wazazi huwachukua. Tangu siku hiyo kila kundi liliongeza swali la kurudi, na walienda tena kwa watu wote waliokwisha kuwauliza.

Msichana alifika darasa la tano kwa mume wangu, akafaulu, na Sista akamwombea nafasi. Baba hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Asubuhi ya safari alikuja na mfuko wa maharagwe, akausukuma ndani ya lori la mawese, akamsaidia bintiye kupanda. Tukadhani ataaga. Dereva alipowasha mota, mzee yule akashika ubao wa nyuma, akapanda na yeye.

"Papa, unaenda wapi?" nikamwita.

"Naenda kuona!" akajibu, na lori likaondoka.

Alirudi wakati ambapo tulikuwa tumeanza kuwa na wasiwasi juu yake. Hakupita kwanza kwake Kibua. Alikuja moja kwa moja darasani, na safari hii alibisha hodi, akaniomba nafasi mbele ya tablo. Watoto walimuuliza maswali yetu moja baada ya jingine naye akayajibu yote, akionyesha kwa mikono ukubwa wa madirisha na upana wa vitanda. Alisema alilala barazani kwa Masista, hawakumfukuza. Alisema maji yanatoka kwenye bomba, na kwamba alionja chakula chao, chumvi ni kidogo. Mwishoni waliuliza kama msichana alilia.

"Mimi njo nililia, hapana yeye," akasema.

Wavulana wawili wa darasa lile walikwenda shule ya walimu baadaye. Mmoja wao alirudi kabla ya Noeli kwa hamu ya nyumbani, akalima mpunga, na akaniambia bila aibu kwamba kule mbingu ni kubwa mno. Wengi hawakwenda popote. Wengine walilia, kama Padri alivyosema, na walilia kwangu. Mvulana mmoja aliyekosa nafasi ya munganga alikataa kunisalimia mwaka mzima, nami nilimwacha, kwa sababu alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Msichana alimaliza, akapangwa kwenye nyumba ya uzazi mbali na Kibua. Baba yake alinilalamikia kwamba wamewapa watu wengine mkunga wake. Zilikuwa siku zetu za mwisho Mpofi, tunafunga vitu kurudi Masisi. Alikuwa amekuja kutuaga, na alikuwa anautazama ukuta, ambao watoto wapya walikuwa wameupaka upya na kuanza kuchora.

"Mama mwalimu," akasema, "kisha ile shule yake, kuko ingine ya mbele?"

Nilimwambia sijui.

"Basi nitamuuliza Sista," akasema, akachukua kofia yake, akaenda kumtafuta.