Milango Minne ya Papa Honoré

Kwa miaka sita Virginie, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, katika soko la Kadutu mjini Bukavu, alikalia kiti cha mbele cha kulia katika gari la mume wake, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza neno kuhusu hilo gari. Aulizwe kwa nini? Yeye alisoma shule ya msingi tu. Mume wake, Papa Honoré, ana diploma ya serikali, ameitundika sebuleni juu ya televisheni ili wageni waione hata siku umeme umekatika.

Gari lilitoka Japani usukani ukiwa kulia, na kwetu dereva hukaa kushoto. Honoré, mtu wa heshima, hakutaka kuendeshea upande wa abiria. Akalipeleka garaji, wakang'oa usukani wakauhamishia kushoto, tundu la kulia wakaliziba kwa plastiki ya rangi nyingine kabisa. Siku hiyo alizunguka mtaa wa Ibanda mara tatu, polepole, kioo chini, kama askofu anayebariki waumini.

Kisha milango ikaanza ukaidi. Zamani ulifunga mmoja, yote minne ikajifunga. Sasa gari likitumbukia shimoni tu, tak! inajifunga yenyewe, na ukivuta juu kipini cha kufuli kinashuka tena. Na mashimo, Mungu ashukuriwe, Bukavu hatujawahi kuyakosa. Siku wakwe wa binti yao walipofika kutoka Nyangezi kwa mambo ya arusi, bibi yao alibaki amefungiwa kiti cha nyuma karibu saa nzima. Wanaume watano walizunguka gari wakitoa mashauri. Mwishowe bibi alitolewa dirishani, miguu kwanza.

"Muzuri sana," alisema akirekebisha kitenge chake. "Kama njo vile munatoshaka watu mu gari, bibi-arusi wetu atapitia wapi?"

Neno hilo lilimchoma Virginie. Arusi ya binti yao Mireille ilikuwa Jumamosi, na Honoré alikwisha kuitangazia parokia nzima kwamba mtoto wake hatapanda gari la kuazima. Virginie alimwona tayari Mireille akivutwa dirishani mbele ya kanisa, shela imenasa, na wakwe wameinua simu wanapiga picha.

Jumatano akaitwa Chrispin, fundi wa umeme wa magari. Fundi mkubwa huyo, ana miwani mbili: moja machoni, moja kichwani. Akafungua mlango wa kushoto, wa dereva.

"Kichwa ya kufuli iko mu mulango ya chauffeur," akaeleza. "Ile ingine inafuataka tu amri."

"Kama mu nyumba," Honoré akasema, akacheka.

Virginie alikuwa anaosha sambaza. Akaendelea kuosha.

Chrispin akabadilisha mota ya mlango ule. Bure. Alhamisi akaibadilisha tena, akaweka nyingine iliyokufa vizuri zaidi. Ijumaa asubuhi nyaya zilikuwa zimetapakaa kwenye viti kama tambi.

"Papa Chrispin," Virginie akasema, "nikifungua mulango yangu mupaka mwisho, yote inatulia. Nikiirudisha, inaanza wazimu."

"Maman Mireille, acha mafundi watumike," mume wake akamkata. "Yako ni mulango ya abiria."

"Ya abiria tangu lini? Hii gari ilizaliwa na usukani wapi? Mulihamisha usukani. Na milango, mulihamisha?"

Chrispin alivua miwani moja. Honoré akageukia ziwa kule chini, kama mtu ambaye limemwita kwa jina.

Kumbe kichwa cha kufuli kilibaki palepale kilipozaliwa, kulia. Chrispin akauvuta mpira mweusi unaopitisha nyaya kutoka mwilini mwa gari hadi mlangoni, karibu na bawaba. Ndani, nyaya mbili zimekatika, zinagusana na kuachana kila mlango ukitikisika. Akaziunga kwa kipande kipya, akazichomelea, akazifunga kwa utepe. Kazi ya nusu saa, baada ya siku tatu za elimu.

Virginie akasukuma kipini chake chini. Tak, yote minne. Akakiinua. Tak, yote minne. Mireille akapiga vigelegele peke yake uani.

Jumamosi gari lilipita shimo la mwisho, lile la mbele ya kanisa, milango ikatulia. Mireille akatoka kama watu wanavyotoka, kwa mlango, shela nzima. Bibi wa Nyangezi aliikagua kwanza ile kufuli, ndipo naye akapiga vigelegele.

Honoré, bado kitini, Virginie kando yake, akatoa kichwa dirishani. "Ni mimi nilimuonyesha fundi! Nilimuambia, angalia kuume!"

Tak.

Akainua kipini chake. Virginie akachezesha cha kwake, cha mume kikashuka tena. Mlangoni pa kanisa padri alikuwa anatazama saa, na bibi-arusi anangoja mkono wa baba yake.

"Papa Mireille," Virginie akasema kwa upole, "uwaambie nani alijua."

"Ni... ni maman Mireille."

"Bibi wa Nyangezi hasikii muzuri."

"NI MAMAN MIREILLE!"

Virginie akainua kipini chake.

Tak.