Moto wa Kuita Mvua

Kila nikisema nyumba yangu ilichomwa, kuna mtu ananirekebisha: "Sema iliungua, mama." Hapana. Githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndiyo huungua ukiisahau jikoni. Nyumba yangu ilichomwa, na waliochoma nawajua, napishana nao nikienda kuteka maji. Majina siandiki, maana watoto wao hawajanikosea. Lakini mmoja ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, yule anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani. Mwingine ni mzee wa kijiji, yule anayetuletea maneno ya chifu. Mtu wa huku akisoma atawajua. Hiyo inanitosha.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nitaeleza tu vile nilivyoona.

Tunaishi upande wa chini wa Embu, kwenye joto. Watu wa juu, wa Manyatta, wana majani chai na mito, na mvua inawajia bila kuitwa. Sisi tuna ndengu, mtama, mbuzi, na kilima kimoja cha nyasi nyuma ya boma langu. Kiangazi kikizidi, wanaume hupanda huko wakachoma nyasi. Moshi ukienda juu unakuwa wingu, wingu linaleta mvua. Ndivyo tulivyolelewa. Usinicheke. Hata mimi nimewahi kuutazama moshi huo nikasema asante.

Lakini wazee wa zamani walikuwa na sharti. Jembe kwanza, kibiriti baadaye. Walilima ukanda mpana kuzunguka pale pa kuchoma, wakaacha udongo mtupu, hata mchwa hakupata cha kula. Walingoja jioni upepo utulie, na hawakushuka mpaka jivu lipoe. Kazi hiyo inavunja mgongo, na hakuna anayekulipa. Siku hizi kila mtu anataka mvua, lakini jembe hakuna anayelitaka.

Siku hiyo ilikuwa mchana, jua la kuua. Mimi nilikuwa uani nikipepeta ndengu. Ndani alikuwa mama mkwe, kitandani, kwa sababu tangu avunjike nyonga hatembei. Mnielewe vizuri hapa: mama huyo ni mama wa marehemu mume wangu, na ni mama wa huyo shemeji pia. Shemeji ana nyumba ya mawe. Lakini mke wake alisema harufu ya dawa ya kuchua inamuumiza kichwa, kwa hivyo mama alibaki kwangu, kwenye nyumba ya mbao niliyoijenga nikiwa mjane.

Niliona moshi juu ya kilima, nikaendelea kupepeta. Nikasema moyoni, wameanza. Kisha nikaona mwewe wengi wakizunguka chini chini, wakidaka panzi wanaokimbia, na walikuwa wanazunguka upande wangu. Upepo ukageuka. Moto ukaanza kushuka, na ulishuka ukiongea. Ulisikika kama mvua kubwa inayokuja kutoka mbali.

Mama mkwe akaita kutoka ndani, amefurahi kabisa: "Ni mvua hiyo?"

Nilitupa ungo nikapiga nduru.

Nilimtoa kitandani nikamweka kwenye wilbaro ile ya samadi, juu ya blanketi. Huyo mama, hata siku hiyo, mdomo wake haukukosa neno. "Pole pole," akasema. "Usinimwage kama mbolea, mimi si wa kuotesha kitu tena." Nikamsukuma mpaka kwenye mto mkavu, pale penye mchanga mtupu, nikamfunika kwa lesso yenye maji na kumwacha na jirani mmoja. Nilirudi nikikimbia.

Huku kwetu nduru ikipigwa, kila mtu mwenye miguu anakuja na tawi bichi. Asiyekuja ataulizwa. Shemeji alikuwa wa kwanza, na mzee wa kijiji nyuma yake. Nilitazama viatu vya shemeji. Vilikuwa vyeusi kwa jivu mpaka juu, na kope zake zilikuwa zimekunjamana kama manyoya ya mbuzi yakipitishwa motoni. Moto ulikuwa bado haujafika kwa mtu yeyote. Sasa niambie, hilo jivu alilipata wapi?

Nilipiga moto kwa tawi kama wengine. Ua wa miti ulienda. Rundo la mabua ya mtama likaenda. Lile rundo ndilo lililorusha cheche mpaka ukutani, na mbao kavu huwa hazingoji kuambiwa mara mbili. Niliingia nikatoka na godoro la mama na dawa zake, nikataka kuingia tena, wakanishika mikono. Nikasimama nikatazama. Misumari niliyoigongelea mwenyewe ilikuwa ikiruka. Mabati yalijikunja kama majani ya tumbaku. Barabarani vijana wa boda walikuwa wameegesha pikipiki, simu juu, wakipiga video. Mmoja akapaza sauti: "Mathe, sogea kidogo, unaziba!"

Jikoni pekee, kile kibanda cha kando, ndipo palipona, kwa sababu uani upande ule nafagia kila asubuhi mpaka udongo unang'aa.

Sasa kuna desturi yetu nyingine. Watu wakikusaidia kuzima moto, hawaondoki kwako na njaa, hata kama umebaki na sufuria moja. Jirani alileta uji, na mimi mwenye boma ndiye niliyepaswa kuugawa. Niligawa. Nikashukuru mmoja mmoja. Shemeji akanyoosha mkono.

"Mimi je, shemeji?"

"Wewe una jivu kwenye viatu tangu juu kilimani," nikamwambia. "Koroga hilo unywe."

Mzee wa kijiji akakohoa. "Mama, huu si wakati wa maneno. Moto ni kazi ya Mungu."

"Mungu alikuja kwako kuomba kibiriti?"

Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo. Wengine wakasema niachwe, ni uchungu unaongea. Shemeji aliondoka bila uji, na mpaka leo kuna watu wanaosema kosa la siku hiyo lilikuwa langu, kumnyima uji mtu aliyekuja kusaidia.

Tulipomrudisha mama tukamlaza jikoni, nilimweleza yote. Alinisikiliza macho juu, kwenye masizi. Akauliza jambo moja tu.

"Walilima kwanza?"

"Hawakulima, mama."

"Basi huo haukuwa moto wa mvua," akasema. "Huo ulikuwa moto wa uvivu." Akageukia ukuta. Hakumtaja mwanawe. Mabega yalikuwa yakitikisika, nami nikajifanya natafuta kuni.

Halafu, wiki hiyo hiyo, mvua ikanyesha. Hili ndilo linalonichoma kuliko moto. Ilinyesha kwenye jivu la nyumba yangu, jikoni pakavuja, godoro la mama likalowa. Kwenye baraza ya chifu nilisimama nikasema nilichokiona. Shemeji hakukana hata kidogo! Alisimama akafungua mikono kama mhubiri: "Watu wangu, mvua imenyesha ama haikunyesha?" Wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Walikuwa na mbegu za ndengu mifukoni, hao, wana haraka ya kwenda kupanda.

Baadaye shemeji alinitumia mabati. Yalikuwa yale ya zamani ya zizi lake la mbuzi, yenye kutu na matundu. Nimeezekea choo. Mama alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa.

Nimejenga tena, chumba kimoja. Na nimelima ukanda nyuma ya boma, peke yangu, kwa jembe hili hili, na kila nyasi ikichipuka naing'oa. Wapita njia wananiuliza kama napanda barabara.

Sasa kiangazi kimerudi na mbuzi wanakula makaratasi. Juzi shemeji alimtuma mzee wa kijiji kwangu. Kwamba wazee wameketi, kilima kitachomwa tena. Kwamba safari hii watakuwa waangalifu. Kwamba labda ingefaa nimhamishe mama kwa siku moja hivi.

Niliingia nikamuuliza mama, kisha nikatoka na jibu letu sote wawili. Nilisema: mwambie aje yeye, alale hapa chini kando ya kitanda cha mama yake, mlango nimfungie kwa nje. Halafu ninyi wengine mwende mkawashe.

Hajaja. Kilimani bado hakuna moshi.