Zamu ya Mchana

Nikiri ujinga wangu: nilipokuwa mdogo niliamini Yesu anafanya kazi kwa zamu. Katekista alitufundisha kwamba ni Mungu na pia ni mtu, nami nikampangia ratiba: asubuhi Mungu, mchana mtu. Na kwa jua la Isiolo, mchana mtu lazima alale.

Juzi, siku ya nadra niliyotoka nyumbani, nilimkuta mlinzi wa kanisa akikoroma kwenye benchi. Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni mama alipopelekwa hospitali akitetemeka kwa malaria. Nilikimbia kanisani nikaugonga mlango wa mabati kwa ngumi zote mbili. "Amka! Amka!" Mabati yaliunguza, vumbi lilinuka mbuzi, na ndani kimya. Nikajua Yesu amelala, na mama atakufa.

Mama alipona, na bado hunicheka. Siku hizi najua wakubwa wa kanisa la kale walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo hilo la Mungu na mtu, tena bila malaria.

Aliyenitoa pale mlangoni siku ile ni jirani yetu Mama Halima, Mwislamu wa swala tano, muuza maziwa ya ngamia, akinuka moshi wa kufukizia vibuyu vyake vya maziwa. Alinishika mkono akasema, "Wacha kelele. Huyo wenu, kama ni Mungu, hajalala. Kama ni mtu, ushamwamsha. Sasa twende kwa mama yako."