Wakwe wa Ferdinand Wako Zizini

Mzee Ferdinand wa Woodbridge, huko ughaibuni, alikuwa mtu wa mjini kuliko mji wenyewe. Kazaliwa Oysterbay, Dar es Salaam, alisema, na maziwa aliyajulia dukani. Kwa hiyo binti yake Nandi alipopata mchumba Mfaransa, aliwatangazia Watanzania wote wa kanisani kwamba wakwe zake ni watu wa Paris.

Paris gani! Watu walikaa Les Besaces, kitongoji cha nyumba chache na kanisa linalofunguliwa kukiwa na msiba, mahali ambapo basi likifika ujue limepotea. Ferdinand alijua vizuri sana. Ndiyo maana alimsihi Nandi, aliyekuwa huko ukweni, siku ya posa, itakayofanyika kwa video, awakalishe wakwe mbele ya ukuta mweupe, kusionekane kitu kingine.

Jumamosi asubuhi wazee wakajaa sebuleni kwa Ferdinand, wamechomekea, macho kwenye televisheni, wakiisubiri Paris. Mwatumu, jirani aliyeombwa kuwa msemaji wa familia, alikuwa amejipulizia manukato kana kwamba video ingeyafikisha.

Picha ikafunguka. Ukuta hakuna. Kulikuwa na zizi, na mama mkwe, Madam Odile, mabuti hadi magotini, mikono ya shati imekunjwa, yuko nyuma ya ng'ombe anayezaa. Nandi akaeleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ndama amekwama na daktari wa mifugo bado yuko njiani.

Method, mwenyekiti wa kikao, akakohoa. Ferdinand angeweza kukata simu na kuusingizia mtandao; kidole kilishafika kwenye rimoti. Kisha ng'ombe akalia.

“Mwambie asivute hovyo,” Ferdinand akasema, keshasimama. “Angoje ng'ombe asukume, ndipo avute, kuelekea chini. Mguu huu kidogo, halafu ule.”

Koti lilishatupwa. Tai iko begani. Alikuwa akivuta hewa ya sebuleni kwa mikono miwili, huku Nandi akitafsiri na Madam Odile akifuata.

Mwatumu akamgeukia polepole. “Shemeji, kwani huko Oysterbay mlikuwa mnazalisha ng'ombe barazani?”

Ferdinand hakumsikia. Ndama aliteleza akaangukia kwenye majani makavu, akaanza kulambwa, akatikisa masikio. Sebule nzima ikalipuka vigelegele.

“Mimi ni wa Karagwe,” Ferdinand akasema, akijifuta jasho. “Kwetu tulilala na ndama. Haya, kaeni tuzungumze mahari. Na huyo aliyezaliwa sasa hivi, Madam asimuuze. Huyo ni wa kwetu.”