Uzee Aliobebeshwa Moss

Wattie Pringle hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini wiki ile alimsemea mbwa wake maneno ya mwaka mzima. Moss amezeeka, alisema. Moss hawezi tena kuruka. Moss anahitaji kigari cha chini.

Bibi Marjory Haldane, mwenye shamba, alikuwa ananunua kigari kipya cha vilimani: cha kubebea mahindi ya kulishia kware na nguzo za uzio, na siku za kuwinda kuwapandisha wenye bunduki. Muuzaji alileta viwili wavijaribu. Kimoja kirefu kwenda juu, magurudumu mapana, cha kutoka kwenye tope lolote. Cha pili kifupi, tumbo karibu lilambe nyasi.

Mwenye macho haambiwi tazama: kirefu ndicho. Wattie, aliyezeekea kwenye kazi ya kulea na kulinda ndege wa shamba lile, alilijua hilo vizuri. Ila nyonga yake ya kushoto ilikuwa imemgomea tangu majira ya baridi, na nyumba aliyokaa na mkewe Netta ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Basi nyonga ikawa siri, na uzee wote akabebeshwa mbwa.

"Utamuua huyo mbwa kwa kumsingizia," Netta alimwambia asubuhi ile akimfunga kamba za viatu, maana kuinama nako kulikuwa kumemshinda. "Jana tu kaiba soseji mezani."

"Meza yenyewe ya chini."

"Haya, mume wangu. Njia ya mwongo fupi."

Uani kwa Bibi Marjory, Wattie alikizunguka kile kirefu akikitia kasoro, akimalizia kila kasoro kwa jina la Moss. Bibi alisikiliza, kaegemea mkongojo wake. Muuzaji, kwa wema tu, akashusha ubao wa nyuma wa kile kirefu na kupiga mluzi.

Moss akaruka. Hakugusa hata ukingo. Akakaa juu ya kile kirefu, ulimi nje, akisubiri kusifiwa.

Vibarua wawili waliokuwa kando ya ukuta wakageuka kuficha kicheko. Wattie aliogopa, aliogopa kweli. Akilini alimwona Netta akishusha mapazia ya nyumba ile, wakihama.

"Leo kajikaza," alisema.

Bibi Marjory alikwenda kwenye kile kifupi, akaingia taratibu, akakaa.

"Nachukua hiki," alimwambia muuzaji. Kisha akamgeukia Wattie. "Mwaka mzima sijafika kule juu. Gari la zamani lilinishinda kupanda, na mimi sina mbwa wa kumsingizia. Njoo unipeleke nikaone kware wangu. Tukikwama topeni, hao wanaocheka watatusukuma. Na mgonjwa wako atufuate kwa miguu."

Wattie akazunguka upande wa usukani. Akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akauinua mbele ya watu wote, akaingia.